Chumba cha Gesti Hakina Jiko

Akina mama wenzangu, mnakumbuka alfajiri ile ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Wengi waliobaki bila nyumba walipokewa kwenye kambi za shuleni, wengine kwa ndugu. Lakini baadhi ya majeruhi waliletwa kutibiwa hapa Babati, na jamaa zao wakawafuata. Asiye na ndugu mjini aliishia gesti, na mtu wa gesti ni rahisi kusahauliwa, maana hayumo kwenye foleni ya mgao.

Umoja wa akina mama wa usharika wetu ulinituma kwa mama mmoja aliyepanga karibu na stendi. Mume wake amelazwa, mguu umevunjika. Yeye na watoto watatu walikuwa na kitanda kimoja, ndoo moja na dirisha dogo. Tulimpelekea unga, maharage, mafuta na mafurushi ya mitumba. Tukasali naye, tukaondoka tumeridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza atapikia wapi. Mimi muuguzi pia sikuuliza.

Usiku wa tatu mhudumu wa gesti alinipigia simu. Kupika uani kulikuwa kumekatazwa, basi yule dada alipikia chumbani kwa jiko la mkaa. Mvua ilikuwa inanyesha na watoto wanasikia baridi, akaliacha jiko ndani na kufunga dirisha. Mtoto mkubwa aliamka anatapika, analia kichwa. Mdogo hakuamka hata alipotikiswa. Tuliwatoa nje, tukawakimbiza hospitali, wakawekewa oksijeni. Wote walipona, namshukuru Mungu.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayotudanganya kwamba hatari imekwisha. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, wakaona kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi mzito, fungua mlango, watoe nje, uwapeleke hospitali. Usipoteze muda kutafuta maziwa ya kuwanywesha.

Tangu hapo tukaanza na jiko kabla ya unga. Tulikwenda kuzungumza na mwenye gesti kwa heshima, akatupa kona ya uani chini ya bati, mchana tu. Tulimlipa yeye mwenyewe kwa wiki badala ya kwa siku, akapunguza bei. Mama ntilie wa jirani alichukua maharage yetu akawa anayachemsha pamoja na yake. Tukanunua chupa mbili za chai, moja ya uji wa usiku, moja ya maji ya moto. Chandarua, dumu la maji yaliyochemshwa, na ndoo yenye mfuniko. Gesti ile ilikuwa na baa, na binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, kwa hiyo tulimwita fundi atie komeo kwa ndani. Mitumba mingi ilirudi kanisani.

Mtoto wa kati alianza kukojoa kitandani kila mvua iliponyesha. Mama yake aliona aibu mbele ya mhudumu akawa anamchapa. Nilimweleza kuwa ni hofu, si ukaidi, tukatandika nailoni chini ya shuka.

Kuna swali moja ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, kuna dawa unayotumia kila siku iliyobaki kwenye tope? Liulize faraghani, mkiwa wawili tu. Vidonge vya shinikizo la damu, vya kifua kikuu au vya virusi vya UKIMWI havingoji mtu apate nyumba. Anayejibu ndiyo, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, hata kama kadi yake imepotea.

Walikaa pale majuma saba. Siku ya kuondoka yule dada aliturudishia chupa moja ya chai imeoshwa vizuri. Ile nyingine aliomba abaki nayo.