Kabla ya Kumwita Mtoto Mzembe: Upimaji wa Kisaikolojia kwa Wanafunzi Wetu



Kila mwanzo wa mwaka kamati za sharika hukaa kupitia orodha ya wanafunzi wanaosaidiwa na mradi wetu. Kwa miaka mingi kigezo chetu kikubwa kimekuwa alama za mtihani. Anayeshika mkia mara mbili mfululizo huondolewa ili nafasi apewe mwingine. Tuliona ni haki, kwa kuwa fedha ni chache na wahitaji ni wengi.

Katika mapitio yaliyopita tulikutana na kijana wa darasa la tano ambaye tayari tulikuwa tumemwondoa. Alipoulizwa maswali ya sayansi kwa mdomo alijibu karibu yote. Alipopewa karatasi yenye maswali yale yale, hakuweza kumaliza kulisoma swali la pili. Hakuwa mzembe. Sisi ndio tulikuwa hatujampima vizuri. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza upimaji huu ni nini.

Nini hupimwa?

Ugumu wa kujifunza si upungufu wa akili. Mtoto mwenye disleksia anaweza kueleza mambo vizuri sana lakini herufi zikamshinda. Mwenye diskalkulia hukwama kwenye namba. Wengine wana tatizo la umakini, linalojulikana kwa kifupi cha ADHD: hawatulii, hukatiza wenzao, husahau kazi waliyopewa dakika chache zilizopita. Wapo pia wasio watukutu kabisa. Hukaa kimya nyuma ya darasa, mawazo yao yako mbali, wala hakuna anayewaona.

Hatua za upimaji

Kwanza ni macho, masikio na afya. Mtoto asiyeona ubao atafanana na mtoto asiyeweza kusoma. Tuulize pia kama amewahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, kwani imethibitika kwamba baadhi ya watoto wanaopona hubaki na shida ya kumbukumbu au umakini. Tuulize pia kama amekula na kama amelala.

Pili ni lugha. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Anayesoma vizuri Kiswahili na kushindwa Kiingereza huenda ana tatizo la lugha, si la kujifunza. Tena, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma maneno bila kukosea sana, ila kwa taabu na polepole mno. Basi tusihesabu makosa tu, tuangalie na muda anaotumia.

Tatu ni maelezo ya mwalimu na mzazi. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Miongozo ya wataalamu wa Marekani iliyotolewa mwaka 2013 hutaka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja. Mtoto anayesumbua shuleni tu, ilhali nyumbani na kanisani ametulia, yafaa kwanza kuangalia shule yenyewe.

Nne ndipo anakuja mwanasaikolojia. Hukaa na mtoto mmoja kwa saa kadhaa, akimpima maneno, mafumbo ya picha, kumbukumbu, kasi, kusoma, kuandika na hesabu. Haangalii jumla ya alama peke yake. Huangalia tofauti: wapi mtoto ana nguvu na wapi anakwama.

Tahadhari kuhusu vipimo vya kigeni

Alfred Binet na Théodore Simon walipotengeneza kipimo chao mjini Paris mwaka 1905, lengo lilikuwa kutambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Hawakukusudia kutenga wasiofaa. Tena kipimo hubeba mazingira kilikotoka. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa kusokota waya, kama watoto wetu wanavyotengeneza magari ya kuchezea, Wazambia waliongoza. Kwa udongo walikuwa sawa.

Hapa kwetu, karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja, kisha wakawapima tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha alama zikipanda, na waliokuwa nyuma mwanzoni si wote waliobaki nyuma. Kipimo cha siku moja huonyesha alichokwisha kufundishwa mtoto kuliko anachoweza kujifunza.

Tunachoomba

Wafadhili wetu wamejitolea kutununulia masanduku ya vipimo kutoka nje. Tunawashukuru kwa moyo huo, lakini tunaomba fungu hilo lianze na miwani, nauli za kumpeleka mtoto na mzazi kwa mtaalamu, na kumsomesha mwalimu mmoja wa kila jimbo katika elimu maalumu, kama inavyofundishwa Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Sanduku lisilo na mtu aliyefunzwa litaishia kabatini, au litampa mtoto jina baya litakalomfuata maisha yake yote.

Kamati za sharika tunaziomba mambo mawili. Mosi, mtoto asiondolewe kwenye orodha kwa sababu ya alama kabla hatua tatu za kwanza hazijakamilika na kuandikwa. Pili, majibu ya upimaji yabaki kwa mzazi, mwalimu na mratibu. Yasisomwe mbele ya kikao.

Upimaji usiofuatwa na msaada hauna faida. Mara nyingi msaada wenyewe si wa gharama: kukaa mbele, kusomewa maswali, kuongezewa muda, kupewa kazi kidogo kidogo. Kijana wetu amerudishwa kwenye orodha, na mwalimu wake sasa humsomea maswali kwa sauti. Bado anasoma polepole.