Nyoka wa bahari anapogeuka joka: riwaya inayouliza mali ilitoka wapi

Kwa Kiswahili, neno joka linatokana na nyoka: joka ni nyoka aliyezidi ukubwa. Katika riwaya za Robin Hobb, mwandishi wa kike wa Marekani, jambo hilo si la lugha tu. Nyoka wa baharini ni mtoto. Joka anayeruka angani ni yeye yule, akiisha kukomaa. Kati ya hali hizo mbili kuna safari ndefu, na hadithi nzima inasimama juu ya swali moja: nini kinatokea safari hiyo ikikatika?

Riwaya hizo tatu zilitoka kwa Kiingereza kati ya mwaka 1998 na 2000. Kwa Kifaransa zinajulikana kwa jina la Les Aventuriers de la mer. Ni hadithi ya kubuni, na ulimwengu wake hauko kwenye ramani yoyote. Hata hivyo, wanyama wake wanafuata kanuni ambazo mtu aliyesoma biolojia shuleni atazitambua mara moja.

Swali la mvuvi

Wengi waliojaribu kueleza mwili wa joka walianza na moto na mabawa. Mwaka 1979, Mwingereza Peter Dickinson alitoa kitabu The Flight of Dragons. Humo anapendekeza kwamba joka alikuwa kama puto kubwa: tumbo lake lilijaa hidrojeni, gesi nyepesi inayomwinua hewani na inayowaka akiipuliza nje. Mwaka 2004, filamu ya televisheni iliyotengenezwa mfano wa dokumentari ilifuata pia wazo hilo la gesi, na ikaongeza joka wa majini.

Swali la Hobb ni la mvuvi ao la mfugaji. Mnyama huyu anazaliwa wapi? Anakula nini? Anahitaji nini kusudi akomae?

Katika vitabu vyake, joka jike anataga mayai kwenye mchanga wa pwani. Mayai yakipasuka, wanatoka nyoka wadogo ambao wanatambaa mbio kuelekea baharini. Huko wanaishi miaka mingi katika makundi, wanakula na kurefuka. Wakati ukifika, wanaacha maji ya chumvi na kupanda mto mmoja, Mto wa Pori la Mvua. Kwenye ukingo wake wanachanganya udongo na mate yao, na kila mmoja anajifungia ndani ya ganda gumu linalofanana na gogo la mti. Majoka wazima wanawasaidia katika kazi hiyo. Baridi ikipita, jua la kiangazi linalipiga ganda, na joka anatoka akiwa na mabawa.

Mambo yanayofanana na ya kweli

Hakuna mnyama wa kweli mwenye maisha kama hayo yote kwa pamoja. Lakini kila kipande kinapatikana mahali fulani.

Kasa wa baharini anataga mayai mchangani, na watoto wake wanakimbilia maji pasipo kusaidiwa na mama. Kasa jike akiisha kukomaa, anarudi kutaga karibu na pwani alipozaliwa. Samaki salmoni wa Bahari ya Pasifiki anazaliwa katika maji matamu ya mto, anaenda kukulia baharini, kisha anarudi katika mto ule ule akiongozwa zaidi na harufu ya maji yake.

Kuhusu ganda, mfano uko karibu. Kiwavi anayeuzwa sokoni katika miji mingi ya Congo, kama hakuokotwa porini, angejifunga na kutoka akiwa nondo ao kipepeo. Ndani ya kifuko chake, sehemu kubwa ya mwili wa zamani inavunjwa na kujengwa upya.

Nyoka wa kweli wa bahari wapo pia, hata kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mkia wao umekuwa bapa kama kasia, na wanalazimika kupanda juu ili wavute hewa. Wengi wao hawazidi mita mbili. Wale wa Hobb ni wakubwa kuliko hao mara nyingi sana, lakini bahari ndiyo mahali panapofaa kwa ukubwa wa namna hiyo. Maji yanabeba uzito. Ndiyo sababu nyangumi wa buluu, anayeweza kufikia mita 30, anaishi baharini, na nchi kavu haina mnyama wa kumlingana.

Kumbukumbu inayorithiwa

Jambo moja Hobb amelizidisha kuliko maumbile: kumbukumbu. Joka wake anapozaliwa tayari anakumbuka maisha ya mababu zake. Kumbukumbu hiyo inapita kwa mate na udongo wakati wa kutengeneza ganda. Kwa hiyo kukosa ganda ni zaidi ya kukosa mabawa. Ni kusahau wewe ni nani.

Sayansi haifiki mbali hivyo, lakini haiko kimya. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walionyesha kwamba kiwavi aliyefundishwa kukimbia harufu fulani anaweza kuendelea kuikimbia hata akiisha kuwa nondo. Mwili ulibadilika, fundisho likabaki.

Katika riwaya, mambo yanaharibika zamani sana, wakati balaa kubwa ya ardhi inapofunika miji ya kale pamoja na maganda yaliyokuwa yametunzwa humo. Majoka wanatoweka. Mto unabadilika, maji yake yanachoma ngozi. Nyoka walioko baharini wanabaki pasipo mkubwa wa kuwaonyesha njia. Wanazidi kurefuka, wanazeeka wakiwa bado watoto, na mmoja baada ya mwingine wanapoteza fahamu na kuwa wanyama tu. Wengine wanafuata meli za watumwa kwa sababu maiti zinatupwa majini.

Mti ambao si mti

Hapo ndipo watu wanaingia. Wafanyabiashara waliohamia kando ya mto wanachimba miji iliyofunikwa na kukuta magogo makubwa ajabu. Mbao zake haziozi, na hata maji ya mto ule hayaziharibu. Wanazipasua na kuunda meli. Vizazi vitatu vya jamaa moja vikiisha kufia juu ya meli hiyo, inaamka: sanamu iliyo mbele yake inafungua macho na kusema. Meli hai inakuwa utajiri na heshima ya jamaa, na deni lake linalipwa toka babu mpaka mjukuu.

Gogo lile, bila shaka, ni ganda. Kitu laini kilichokuwa ndani, ambacho wapasuaji walikitupa chini, kilikuwa joka aliyengoja jua. Wachache waliojua walinyamaza. Meli zenyewe hazikujua. Nyoka wa bahari wanazifuata kwa mshangao, kwani zina harufu ya ukoo wao.

Hobb hawafanyi wafanyabiashara hao kuwa mashetani. Wanapenda watoto wao na wanapenda meli zao. Mali waliirithi, hawakuiba wao wenyewe. Lakini msomaji akiisha kujua maisha ya nyoka hatua kwa hatua, hawezi tena kuangalia mbao zile kama mbao. Kama mwandishi angesema tu kwamba joka ni kiumbe cha ajabu, uchungu huo usingekuwepo.

Kufungua njia

Gogo la mwisho linaokolewa. Joka jike Tintaglia anatoka, na anafanya mapatano na watu: yeye atalinda mji wao dhidi ya adui, wao watachimba mto uliojaa matope kusudi nyoka wapande.

Jambo kama hilo limefanyika kweli. Katika jimbo la Washington, magharibi mwa Marekani, ambako Hobb ameishi miaka mingi, mto Elwha ulizibwa na mabwawa mawili ya umeme, la kwanza likimalizika mwaka 1913 na la pili 1927. Hayakuachiwa njia ya samaki. Salmoni walifika kwenye ukuta na kukwama hapo, na kabila la Lower Elwha Klallam lilipoteza uvuvi wake. Sheria ya kurudisha mto ilipita mwaka 1992, na mabwawa yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Salmoni walianza kupanda tena. Mwaka 2023 kabila hilo liliweza kuvua kidogo katika mto wake.

Hobb naye hakutaka kusema kwamba kufungua njia kunamaliza kila kitu. Katika riwaya zilizofuata, zinazoitwa kwa Kifaransa Les Cités des Anciens, nyoka waliofika mtoni walikuwa wamekaa baharini kupita kiasi, na walijifunga wakiwa wamechoka na kuchelewa. Majoka waliotoka ni dhaifu: mabawa mafupi, miguu isiyo sawa, kumbukumbu zenye matundu. Hawawezi kuwinda. Watu wale wale waliorithi mali ya magogo sasa wanapaswa kuwalisha kwa mikono kila siku, na wengi wananung'unika juu ya gharama.