Barafu inayoyeyuka mpakani inavyoeleza kwa nini muda haurudi nyuma

MFANYABIASHARA wa samaki anayetoka Mwanza kuelekea Kigali kupitia Rusumo hahitaji profesa wa kumweleza kwamba foleni ni adui. Anapanga sangara kwenye masanduku, anamwaga barafu iliyosagwa juu yao, na tangu dakika ile anashindana na kitu asichoweza kukibembeleza wala kukihonga. Barafu itayeyuka. Anaweza kuichelewesha kwa sanduku lenye kuta nene au kwa gari lenye jokofu, lakini hajawahi kutokea dereva aliyefika mpakani akakuta maji ya chini ya sanduku yamejigandisha yenyewe juani.

Jambo hili linaonekana dogo mno kuandikwa gazetini. Hata hivyo, limewashughulisha wanafizikia kwa takriban miaka 200. Jibu walilolipata wanaliita entropia, na leo hesabu yake inatumika kueleza kwa nini injini ya lori haiwezi kugeuza dizeli yote kuwa mwendo, jinsi ujumbe wa simu unavyobeba habari, na hata kwa nini sababu hutangulia matokeo.

Daftari la joto

Mwaka 1824 mhandisi kijana wa Ufaransa, Sadi Carnot, akiwa na umri wa miaka 28, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu ya injini za mvuke. Alionesha kwamba injini haifanyi kazi kwa sababu tu ina moto ndani yake. Inafanya kazi kwa sababu joto linatoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, na katika safari hiyo lazima sehemu ya joto itupwe. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, awezaye kuikwepa hasara hiyo yote. Carnot alifariki kwa kipindupindu mwaka 1832, kabla dunia haijaona thamani ya alichoandika.

Aliyeipa hesabu hiyo jina ni Mjerumani Rudolf Clausius, mwaka 1865. Kanuni yake ni nyepesi kuliko sifa yake: chukua kiasi cha joto kilichohama, ukigawe kwa halijoto ya mahali lilipotoka au lilipoingia. Halijoto hiyo huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida.

Tuchukue kilo moja ya barafu iliyofikia kuyeyuka, na hewa ya nyuzi 30. Kuiyeyusha barafu hiyo kunahitaji jouli 334,000 za joto, nazo zinatoka kwenye hewa. Hewa ipo kwenye 303 kwa kipimo cha Clausius, hivyo inapoteza 334,000 kwa 303, yaani 1,102. Barafu ipo kwenye 273, hivyo inapokea 334,000 kwa 273, yaani 1,223. Kilichotoka ni 1,102, kilichoingia ni 1,223. Ile ziada ya 121 haikutoka mfukoni mwa mtu. Imezaliwa njiani.

Sasa geuza safari. Maji yajigandishe yenyewe na kurudisha joto lote hewani. Nishati inatosha kabisa, haipungui hata jouli moja. Lakini daftari la entropia litaonesha upungufu wa 121, na hapo ndipo maumbile yanapofunga geti. Jumla ya entropia inaweza kuongezeka au kubaki pale pale, haishuki.

Mwenye friji atauliza: mbona mimi nagandisha maji kila usiku? Ni kweli, lakini analipia umeme, na akipitisha mkono nyuma ya friji atakuta joto linamwagwa chumbani. Entropia iliyopungua ndani ya friji imezidiwa na iliyoongezeka nje. Ndiyo maana kuacha mlango wa friji wazi hakupoozi duka. Hulipasha moto.

Elimu hii inamgusa mfanyabiashara mfukoni kwa namna nyingine pia. Kila baada ya muda husambaa video za mashine inayodaiwa kujiendesha yenyewe: mota inazungusha jenereta, jenereta inaiwasha mota, na bado umeme unabaki wa kuuza. Mashine hiyo inavunja sheria mbili kwa mpigo, kwa kuwa inadai kutoa nishati isiyoingia na inasahau joto la msuguano linalopotea kila mzunguko. Anayeombwa amana ya mashine ya namna hiyo aangalie kwanza waya uliofichwa chini ya meza.

Sarafu 100

Lakini entropia ni nini hasa? Clausius aliweza kuipima, hakuweza kusema imetengenezwa na nini. Jibu lilitolewa na Ludwig Boltzmann wa Austria katika miaka ya 1870: ni hesabu ya njia.

Rusha sarafu 10 mezani. Ipo njia moja tu ya zote kuonesha picha juu. Njia za kupata picha tano na namba tano ni 252. Kwa sarafu 100, nafasi ya kupata picha tupu ni moja kati ya namba yenye tarakimu 31. Ndani ya kipande cha barafu zimo chembe nyingi kiasi kwamba sarafu 100 ni mchezo wa watoto. Chembe za maji zina njia nyingi mno za kukaa ovyo kuliko za kukaa kwa safu kama kwenye barafu, na hewa ikiwa na joto la kuzigawia, hazikosi kuangukia kwenye wingi. Hakuna anayezisukuma. Ni uwezekano tu, lakini ni uwezekano ulioelemea upande mmoja kiasi cha kuwa sheria.

Boltzmann alibishiwa vikali, maana wakati huo wapo wanasayansi wakubwa waliokataa hata kwamba atomi zipo. Alijiua mwaka 1906. Kanuni yake imechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna.

Bei ya kufuta

Mwaka 1867 Mskoti James Clerk Maxwell aliwaza hila. Tuseme kati ya vyumba viwili vya hewa kuna mlango mdogo, na mlangoni yupo kiumbe mwenye macho makali. Chembe zenye kasi anazipeleka kulia, za polepole anazipeleka kushoto, kama ofisa anayechambua magari kwenye geti. Baada ya muda chumba kimoja kina moto, kingine baridi, na hakuna aliyetoa jasho. Je, si daftari la Clausius limeghushiwa?

Kwa muda mrefu swali hilo liliwasumbua wataalamu. Mwaka 1929 Leo Szilard aliona kwamba siri iko kwenye habari anazokusanya kiumbe yule. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya IBM alieleza kwamba kufuta habari lazima kutoe joto, na mwaka 1982 Charles Bennett akafunga hesabu: kumbukumbu za yule kiumbe hujaa, lazima azifute, na joto la kufuta linarudisha entropia yote aliyodhani ameipunguza. Kiasi chenyewe ni kidogo ajabu, takriban jouli 3 zikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 21 kwa kila biti, lakini mwaka 2012 watafiti waliofanya jaribio mjini Lyon, Ufaransa, walilipima joto hilo.

Kabla ya hapo, mwaka 1948, Claude Shannon wa maabara za Bell nchini Marekani alikuwa ametafuta kipimo cha habari kwa ajili ya simu, na kanuni aliyoipata ikawa na umbo lile lile la Boltzmann. Kwa Shannon, habari ni kiasi cha mashaka kinachoondolewa. Karani ambaye kila siku hujibu “njoo kesho” hatoi habari hata chembe, kwa sababu jibu lake lilijulikana kabla mteja hajafungua mdomo. Kinyume chake, neno moja tu, “umepita”, kwa mtu aliyesubiri tangu alfajiri, ni habari nzito.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini picha za bidhaa zinaweza kubanwa zikatumwa kwa bando dogo, na kwa nini “mzgo umefka Sirari” bado unaeleweka. Lugha ina ziada nyingi ndani yake, na ziada hiyo ndiyo bima dhidi ya makosa.

Alama kwenye matope

Linabaki suala gumu kuliko yote. Sheria za mwendo wa chembe moja moja hazijali muda unaenda wapi. Filamu ya mipira miwili ikigongana mezani inaweza kurudishwa nyuma na mtazamaji asigundue. Lakini filamu ya trei la mayai lililoanguka ikirudishwa nyuma, hata mtoto atacheka. Tofauti pekee ni entropia.

Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, miaka mitatu baada ya kifo chake, aliitumia tofauti hiyo kueleza sababu na matokeo. Alama za tairi kwenye matope zinatuambia lori limepita. Hazituambii kwamba litapita. Mpangilio kama ule haujitokezi wenyewe kwa bahati, hivyo tunatafuta chanzo chake, na tunakikuta siku zote upande wa jana. Wanafizikia wengi wanaamini hali hiyo inatokana na ulimwengu kuanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ukiwa na entropia ndogo sana.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 1995 Mmarekani Ted Jacobson alionesha kwamba milinganyo ya Einstein ya mvutano inaweza kupatikana kutokana na hesabu za joto na entropia. Mwaka 2010 Mholanzi Erik Verlinde akapendekeza kwamba mvutano wenyewe si nguvu ya msingi bali ni zao la entropia. Hatua ya Jacobson inaheshimiwa. Ya Verlinde bado inapingwa na wengi, na kwa sasa ni busara kuichukua kama dau, si kama mali iliyofika ghalani.

Afrika Mashariki nayo ina kesi yake katika faili hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliweka maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu kwenye friji na kuona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema kwa maji hawakuuona ushahidi. Mwaka 2020 wenzao wa Kanada, wakitumia punje ndogo mno ndani ya maji, walionesha kwamba kilichoanza na moto zaidi kinaweza kweli kutangulia kupoa.