Kwa nini mfanyabiashara wa Gitaza aulizie kipimo chake cha sukari

GITAZA – Anayenunua ndagala hapa Gitaza kuzipeleka Bujumbura au Uvira huangalia mizani kwanza, kwa sababu mizani isiyokaguliwa hula mtaji. Wachache hufanya hivyo wanapopimwa kisukari hospitalini, ingawa hapo pia kipimo chaweza kudanganya.

Kipimo kinachoitwa HbA1c huonyesha wastani wa sukari mwilini kwa takriban miezi mitatu. Huangalia sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Kikifika asilimia 6.5, mtu huhesabiwa kuwa na kisukari. Lakini chembe hizo zikiwa na umbo au umri tofauti kwa sababu ya kurithi, namba hubadilika hata kama sukari ni ile ile.

Katika nchi zenye malaria, tofauti hizo ni za kawaida kwa sababu humkinga mtu na ugonjwa huo. Utafiti uliofanywa kwa Wamarekani Weusi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, ambaye si mgonjwa, husomeka chini kwa takriban pointi 0.3. Hivyo anaweza kuambiwa yu mzima huku kisukari kikiendelea kumla kimya kimya.

Jirani zetu wa Uganda wamelichunguza jambo hili kwa kina. Katika Wilaya ya Kalungu, watafiti wanaoshirikiana na taasisi ya virusi ya Entebbe, UVRI, wamewafuatilia wanakijiji tangu mwaka 1989. Mwaka 2019 walitangaza matokeo ya vinasaba vya watu wapatao 6,400. Waligundua kuwa alfa-thalasemia, hali ya kurithi ya damu ambayo ni nadra Ulaya, huathiri HbA1c. Angalau mtu mmoja kati ya watano aliibeba.

Barundi nao wamo katika kazi hizi. Utafiti wa vinasaba vya Afrika uliochapishwa katika jarida la Nature mwishoni mwa 2014 ulihusisha watu 1,481 kutoka makundi 18, wakiwemo Barundi waliopimwa Uganda.

Hata hivyo, hiyo ni tone ndani ya ziwa. Kisukari, shinikizo la damu na unene havitokani na kinasaba kimoja. Ni mamia ya vinasaba, kila kimoja kikichangia kidogo, pamoja na chakula, kazi na umri. Ili kuvitambua, wanahitajika watu wengi mno. Hadi mwaka 2019, asilimia 79 ya walioshiriki tafiti za aina hii duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya. Hesabu za hatari ya ugonjwa zilizotokana na watu hao hupoteza uhakika zinapotumiwa kwa Waafrika.

Lipo pia suala la mali. Mwaka huo huo wa 2019, Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kilidai Taasisi ya Sanger ya Uingereza irudishe sampuli za Waafrika, kukiwa na madai kwamba zingetumika kibiashara bila ridhaa. Taasisi hiyo ilikanusha. Wafanyabiashara wanaielewa hoja hii: mawese yakiondoka Rumonge bila hati, bei huamuliwa na mwingine.

Kwa hiyo mambo ni mawili. Kwanza, ukipimwa HbA1c, mweleze daktari kama katika ukoo wenu kuna selimundu, kisha uulize kama unaweza kupimwa pia sukari ya asubuhi kabla ya kula. Usiache dawa kwa kuwa umesoma gazeti. Pili, ukiombwa damu ya utafiti, usikatae kwa woga wala usikubali kwa haraka. Uliza itahifadhiwa wapi, nani ataitumia, itavuka mpaka gani, na majibu yatarudi lini kijijini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka bidhaa zivuke mipaka kwa kipimo kimoja. Afya ya anayezibeba nayo inastahili kipimo kinachomfaa.