Kwenu Kwenu ni Wapi? Kweli na Uongo Kuhusu Watoto wa Wahamiaji Kiambere

Mtoto ametumwa sukari. Mwenye duka anampimia, anamtazama usoni, kisha anamuuliza kwao ni wapi. "Hapo juu, nyuma ya kanisa." Mwenye duka anacheka. "Hapo najua. Nauliza kwenu kwenu."

Neno hilo likitamkwa mara mbili, mtoto aliyezaliwa Kiambere, hajapata kulala nje ya Kaunti ya Embu hata wiki moja, anahamishiwa Siaya kwa Wajaluo au Mwingi kwa Wakamba kabla hajapokea chenji. Kiambere ni nchi ya Wambeere, kwenye ukingo wa mto Tana, na ng'ambo yake ni Kitui. Ukambani si mbali: ni kuvuka maji tu. Kisha likaja bwawa la umeme, la chini kabisa katika msururu wa Seven Forks, mitambo ikaanza kazi 1988. Kazi ya bwawa huita mafundi na walinzi, na maji yakishatulia huita wavuvi. Wengine walikuja na wake zao, wengine walioa hapahapa. Juu ya watoto wao kuna maneno mengi ambayo watu huyasema kama vile yameandikwa msahafuni. Tuyapime.

"Wageni wa Kiambere ni wale waliokuja."

Uongo, na huu ndio unaoniudhi zaidi. Bwawa lililoleta watu ndilo lililofukuza wengine. Familia zilizokuwa zikilima na kuchunga mahali ambapo leo ni maji zilifunga virago zikatafuta ardhi kwingine. Mtafiti Edward Mburugu alizifuatilia, na hesabu yake ya 1994 inauma: shamba la wastani lilishuka kutoka hekta 13 hadi 6, mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi, na mapato ya familia yakaanguka kwa asilimia 82. Watoto wao wamekulia kwa majirani wapya, nao wakaulizwa swali lile lile la dukani. Wao wangejibu nini? Kwao kwao ni chini ya maji.

Hata kabla ya bwawa, Umbeere haukuwa kisiwa. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyeandika kitabu chake mwaka 1985 kuhusu ardhi ya Wambeere, alionyesha jinsi koo zilivyosimama kwenye kesi za mashamba na kusimulia historia zao, nani alifika lini, nani alimkaribisha nani. Mwenyeji wa leo ana babu ambaye naye alipokelewa.

"Mtoto akisikia lugha tatu nyumbani, kichwa kitavurugika."

Uongo. Chukua nyumba ambayo baba ni Mjaluo, mama ni Mkamba, na majirani ni Wambeere. Mbuzi ameingia kwenye mahindi. Mama anapiga kelele kwamba *mbũi* amemaliza shamba. Jirani, akikimbia na fimbo, anamwita *mbũri*. Baba anatoka ndani akiuliza *diel* ni wa nani. Mtoto wa miaka minne amewaelewa wote watatu na tayari anamfukuza mbuzi, huku akimtukana kwa Kiswahili. Hajavurugika popote. Amegundua hata jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: Mkamba huiangusha ile *r* ya Mmbeere. Lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu, na anayezisikia zote tangu utotoni hupita kutoka moja hadi nyingine kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

Hofu hii ni ya zamani na si yetu peke yetu. Hata wataalamu wa Ulaya na Marekani waliamini hivyo kwa miongo kadhaa, hadi 1962 wanasaikolojia Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal. Waliojua Kifaransa na Kiingereza barabara waliwashinda wenzao wa lugha moja. Walichaguliwa kwa makini, kweli, na si kila mtafiti aliyefuata alipata pengo kubwa kama hilo. Lakini ile habari ya lugha mbili kuharibu akili ilikufa.

Kinachotokea hasa Kiambere ni kwamba moja ya zile tatu hunyauka. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kijijini hapa hiyo ni Kimbeere. Mtoto huyu atajifunza kuhesabu kwa Kimbeere, kucheza kwa Kiswahili, kufanya mtihani kwa Kiingereza. Kijaluo kitabaki kuwa lugha ambayo baba huizungumza kwenye simu.

"Asiyejua lugha ya babu yake hana kabila."

Hapa kuna ukweli nusu, na ile nusu ndiyo huwaliza watoto Desemba. Familia imepanda basi hadi Nyanza. Mtoto anatolewa mbele ya nyanya, anaambiwa asalimie. Anajua neno moja la salamu. La pili linamkwama. Binamu zake wanaangua kicheko, na kabla ya jioni ameshabandikwa jina: "yule Mmbeere". Huko Kiambere yeye ni Mjaluo, huku ni Mmbeere. Usimwambie mtoto huyo kwamba lugha si kitu.

Lakini asili haishiki kwenye lugha peke yake. Iko kwenye jina, na majina yana ukaidi. Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth, au Akoth akiwa msichana. Mkamba wa mvua ni Wambua au Mumbua. Msichana anaweza kuitwa Akoth Mumbua: mvua mara mbili, katika nchi kavu ambako watu huitazamia mvua kuliko mshahara. Hawezi kulitamka jina lake bila kuwataja wote waliomzaa.

"Ukiishi na watu wa tohara, sharti utahiriwe."

Kisheria, uongo mtupu. Kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata mila au kupitia ibada yoyote ya kimila. Kimaisha, mwulize mvulana wa miaka 14. Kwa Wambeere na Wakamba, tohara ndiyo mlango wa utu uzima. Wajaluo wa zamani walikuwa na alama yao tofauti, kung'oa meno sita ya chini. Mvulana anayebaki nje wenzake wakipita mlango huo hatapigwa, lakini hataitwa kwenye mazungumzo. Tangu 2008 serikali imekuwa ikihimiza tohara ya hospitalini huko Nyanza kwenyewe ili kupunguza maambukizi ya Ukimwi, kwa hiyo siku hizi baba wengi hawabishani. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kijana anayekwenda kwa daktari baada ya baba kukaa naye akamweleza, na yule anayekwenda kwa sababu alichoka kuchekwa.

"Mwishowe lazima achague upande mmoja."

Uongo. Mwanasaikolojia John Berry na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti wa vijana zaidi ya 5,000 wa familia za wahamiaji katika nchi 13. Kundi kubwa zaidi lilikuwa la walioshika kwao na kushika walipo, na ndio waliokuwa na hali njema ya moyo na ya maisha. Waliopata taabu zaidi ni wale waliokuwa wakielea, hawajui wasimame wapi.

"Akishakuwa mtu mzima, swali litaisha."

Halijaisha. Akifika miaka 18 anakwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kile kitambulisho ambacho wengi wetu tumekibeba miaka yote kina, upande wa nyuma, wilaya, tarafa, kata, hadi kata ndogo. Pana nafasi ya mahali pamoja tu. Ndiyo maana katika nyumba ya mama mmoja na baba mmoja unaweza kukuta kaka mkubwa, aliyechukulia kadi yake kwa babu, ni mtu wa Siaya, na mdogo wake aliyemfuata ni mtu wa Kiambere. Na kila mmoja akijiandikisha kupiga kura huko kwake, siku ya kura anapanda matatu yake.