Bata Aliyegandishwa Bado Anahesabiwa

Kila Septemba, msimu wa kuwinda bata mwitu unapokaribia kufunguliwa Amerika Kaskazini, huulizwa swali lile lile: "Nikienda kuwinda ng'ambo naruhusiwa bata wangapi?" Muulizaji anataka namba moja ya kubeba kichwani, na namba hiyo haipo. Zipo angalau tatu: idadi ya kuua kwa siku, idadi ya kumiliki kwa wakati mmoja, na idadi ya kuvusha mpakani. Hazitungwi na mkono mmoja, na kuifahamu moja hakukuambii chochote kuhusu nyingine. Uingereza, kwa mfano, haina kabisa idadi ya siku iliyowekwa kisheria kwa bata, lakini mwindaji akitoka huko kuingia Marekani na mzigo wake atakuta sheria inayomruhusu bata 10 na bata bukini 5 tu kwa wiki. Aliyeambiwa na mwenyeji wake kwamba "hapa hakuna kikomo" aliambiwa kweli, ila ukweli wenyewe ulikuwa wa upande mmoja wa safari.

Hata hivyo, kinachowaponza watu zaidi si kutojua namba. Ni imani iliyoenea kambini na kwenye magari ya safari, kwamba bata akishanyonyolewa, akatolewa matumbo na kutiwa kwenye friza, amekuwa nyama na ametoka kwenye hesabu. Wenye imani hii hupiga hesabu rahisi: bata 6 kwa siku, siku tano, basi bata 30 halali kwenye sanduku la barafu. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani hesabu hiyo ni batili. Kikomo cha kawaida ni bata 6 kwa siku katika kanda tatu za njia za ndege wahamao na 7 katika ukanda wa Pasifiki, na idadi ya kumiliki kwa kawaida ni mara tatu ya ile ya siku. Kwa hiyo mwenye kikomo cha 6 asikutwe na zaidi ya 18, awe amewinda siku tano au ishirini. Friza haimo miongoni mwa mambo yanayokatisha umiliki. Ndege anatoka kwenye hesabu yako akiliwa, au akikabidhiwa mtu mwingine kama zawadi, au akipelekwa posta, kwa msafirishaji au kwa wahifadhi nyama ili asafirishwe kwenda kwa mtu asiye wewe. Aliyelala kwenye friza ya nyumbani kwako tangu mwezi jana anahesabiwa sawasawa na aliyeanguka majini asubuhi ya leo.

Watu husema huu ni ukali wa makarani. Hapana. Vikomo havihusu bata kwa ujumla tu, vinahusu pia aina na jinsia. Bata wa aina ya canvasback hakuruhusiwa hata mmoja kote Marekani msimu wa 2008–09. Bata wa aina ya pintail, aliyebanwa kwa miaka mingi kwenye mmoja kwa siku, amepandishwa hadi watatu kuanzia msimu wa 2025–26. Sasa chukua kidari cha pintail na kidari cha bata wa kawaida, viondolewe ngozi na kugandishwa pamoja, halafu mwambie afisa avitofautishe kwa macho. Hawezi, na wewe huwezi. Ndiyo maana sheria inataka bawa moja lenye manyoya yake yote, au kichwa, kibaki kwenye kila bata hadi afike nyumbani au kwa wahifadhi nyama. Sharti hili lilipimwa mwaka 2022, homa ya mafua ya ndege ilipoifanya Marekani ibane mizoga ya ndege wa kuwindwa kutoka Kanada. Walioivusha walitakiwa waondoe matumbo, kichwa, shingo, miguu, ngozi na manyoya, lakini bawa moja lenye manyoya libaki. Hata mbele ya hofu ya ugonjwa, ushahidi wa aina ya ndege haukuachwa.

Pingamizi moja lina uzito. Kanada ilifanya upya kanuni zake za ndege wahamao mwaka huo huo wa 2022, na chini ya kanuni hizo ndege aliyeandaliwa na kuhifadhiwa ipasavyo, kwa kugandishwa, kukaushwa au kupikwa, haingii tena kwenye idadi ya kumiliki. Je, wenye imani ya friza hawakuwa sahihi? Walikuwa sahihi kwa Kanada, na kwa Kanada peke yake. Kanuni hiyo haivuki mpaka pamoja na gari lako. Marekani inapokea kutoka Kanada ndege wasiozidi idadi ambayo mamlaka za Kanada zinaruhusu itolewe nchini, na bawa linadaiwa pale pale. Aliyegandisha vidari vitupu kwa utiifu kamili wa sheria ya Kanada anafika kwenye geti la forodha akiwa na mzigo ambao hakuna anayeweza kuuthibitisha. Juu ya hayo ipo Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, inayofanya kuingiza nchini mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya nchi nyingine kuwa kosa ndani ya Marekani yenyewe. Vikomo hivi vina msingi: tangu 1955 ndege za utafiti huruka kila Mei juu ya maziwa na madimbwi ya mazalia kuhesabu bata, isipokuwa 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO, na vikomo vya msimu hupangwa kwa hesabu hizo. Bata anayefichwa kwenye friza ni bata ambaye hesabu hiyo haikumpangia kufa.

Lililobaki ni la kutekeleza. Soma kanuni za msimu huu, si za mwaka jana, za nchi, za jimbo na za ukanda. Marekani, mwenye miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni ya jimbo na stempu ya bata ya shirikisho, dola 25. Kanada, kibali cha ndege wahamao chenye stempu yake, leseni ya mkoa, na tamko la silaha mpakani kwa asiye mkazi. Mwenye viza ya muda Marekani asiguse bunduki kabla ya kuwa na leseni halali ya kuwinda, kwani bila hiyo sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki silaha. Marisau ya madini ya risasi yamekatazwa kwa bata Marekani tangu 1991 na Kanada tangu 1999. Nunua ya chuma. Msomaji wa Nairobi asipoteze muda, Kenya hairuhusu uwindaji wa burudani. Usimpigie mwenzako bata wake, kikomo ni cha mtu na si cha kundi. Ukiwaacha ndege kwa mtu mwingine, funga lebo yenye sahihi yako, anwani, idadi na aina, na tarehe waliyouawa. Kama safari ni ya siku tano na kikomo cha kumiliki ni 18, kuleni kambini au gaweni kabla ya kuvuka 18, si baada yake. Na kabla ya kuondoka muulize mwenyeji wako kwa maandishi, kwa kila bata atakayefungashwa: bawa litabaki?