Bahari Si Jaa, Wala Si Duka la Mtu Mmoja

Mto Msimbazi watoka katika vilima vya Pugu, wapita karibu na Segerea, kisha wateremka Vingunguti na Jangwani hadi kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Salender. Mkazi wa Segerea aweza kudhani ya kuwa bahari iko mbali naye. La hasha! Mvua za masika zinyeshapo, takataka alizozitupa bondeni usiku hufika baharini kabla yeye hajafika kazini.

Na bahari hiyo yatufanyia kazi kubwa pasipo ujira. Katika hewa ya ukaa ambayo wanadamu huitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu, kadiri ya robo humezwa na bahari. Lakini mchukuzi naye huelemewa: maji yake yanazidi tindikali, na matumbawe na chaza wanadhurika.

Sasa wako wataalamu wa ng'ambo watakao kumwongezea mchukuzi huyo mzigo. Wengine hunuia kumwaga vumbi la chuma ili mimea midogo ya majini istawi. Wengine kutia madini ya jamii ya chokaa. Wengine kuzamisha mwani. Mwaka 2012 kadiri ya tani 100 za vumbi lenye chuma zilimwagwa katika Pasifiki, magharibi ya Kanada, na mataifa yakanung'unika. Mwaka 2013 nchi za Itifaki ya London zikapitisha marekebisho ya kuyadhibiti mambo hayo.

Sisi tunayo mikoko. Majani na mizizi yake iliyokufa huzikwa katika tope lisilo na hewa, huoza polepole mno, na ukaa wake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Jirani zetu wa Gazi na Makongeni, katika Kwale nchini Kenya, walianza mwaka 2013 mradi wa kuuza hati za ukaa kwa kutunza hekta 117 za mikoko, na fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Jambo hili ni jema, lakini tusisahau historia. Zamani boriti za Rufiji zilijaza majahazi ya kwenda Arabuni. Aliyezikata, tope likimfika kiunoni, hakuwa yeye aliyetajirika. Je, tutauza na ukaa vivyo hivyo? Serikali ilitunga Kanuni za Biashara ya Kaboni mwaka 2022. Hapana budi kila mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, na fungu la wananchi litajwe waziwazi. Tena, hati hiyo isiwe ruhusa ya viwanda vya matajiri kuendelea kufuka moshi.

Nasi wa Segerea tuna wajibu wetu. Mikoko ya mlango wa Msimbazi husongwa na taka zetu wenyewe. Matawi ya Chama na yaanze hapo, bondeni, kwa mikono yetu. Kisha tudai hesabu, maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.